Pikipiki za zamani za Fizi zisiishie kwa wanunuzi wa vyuma

Jumapili moja mwezi uliopita nilisimamishwa kwenye kizuizi, kati ya Baraka na Fizi-Centre. Kijana mwenye silaha aliizunguka pikipiki yangu mara mbili, akagusa tangi, akaniuliza: "Mzee, unaenda wapi?" Nikamwambia ukweli. Siendi mahali. Ninaitembeza tu, nitapanda hadi Fizi, nitakunywa chai, kiisha nitarudi.

"Hubebi mtu?"

Hapana, Komanda.

"Hubebi mzigo?"

Hapana.

"Sasa unatafuta nini?"

Akamwita mwenzake. Nilikaa pale karibu nusu saa. Hawakunifanyia ubaya, hawakuniomba hata franka moja. Ni jibu langu tu ambalo halikuwaingia akilini. Kama ningedanganya kwamba ninafuata mihogo, ningepita kwa dakika mbili.

Swali lile si la askari peke yake. Mke wangu ameniuliza, ndugu zangu wameniuliza, hata kanisani nimeulizwa. Kwetu pikipiki ni chakula. Motari anaamka saa kumi na moja ya asubuhi, anakimbiza abiria sokoni, anapeleka mifuko ya muhogo, jioni anahesabu versement ya tajiri wake kabla ya kuhesabu ya nyumba yake. Mtu mzima anayeshinda Jumamosi nzima akisafisha kabureta ya mashine ya zamani, halafu kesho yake anaiendesha bila abiria na bila mzigo, anaonekana amepotea njia. Rafiki mmoja aliniambia usoni: "Watu wanakimbia vita, wewe unapangusa chuma."

Neno lile liliniuma. Nitalijibu hapa hapa, maana najua siye peke yake anayefikiri hivyo.

Kwanza tuelewane ni pikipiki gani ninazosema. Aliyekulia Fizi kabla ya vita vya 1996 anaikumbuka Yamaha AG 100. Herufi hizo AG maana yake ni kilimo. Yamaha waliitengeneza kwa ajili ya wafugaji na wakulima wa nchi kama Australia na New Zealand, watu wanaopita kwenye matope na majani wakifuata ng'ombe na kondoo. Ndiyo maana mnyororo wake umefunikwa wote ndani ya boksi, mchanga usiingie. Ina kibebeo mbele na kingine nyuma. Ina mguu wa kusimamia kushoto na mwingine kuume, kwa sababu mlimani huwezi kuchagua upande gani wa njia utakuwa tambarare. Ina vyuma vya kukinga mikono na injini ikianguka. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichofikiriwa kwa ajili ya Lulenge au Ngandja, lakini ungedhani aliyechora alilala wiki mbili huko.

Zilikuja kwetu kupitia misheni, zone za afya, miradi ya kilimo, baadaye mashirika. Boksi la chanjo lilifungwa kwenye kibebeo cha nyuma, na muuguzi akapanda milima ambayo gari liliishia chini yake. Agronomu alikuwa nayo, mkaguzi wa shule alikuwa nayo, padri alikuwa nayo. Mlio wake, ule mkali wa injini za mipigo miwili, ulisikika kabla haijatokea kwenye kona, na watoto walijua ni nani anakuja. Zilikuwepo pia Yamaha DT 125 za wale waliopenda mwendo, na Honda XL 125 ambazo mafundi waliziheshimu. Lakini AG ndiyo iliyokuwa ya kila mtu.

Kiisha vita. Nyingi zilichukuliwa, na kila familia inajua ya kwao ilichukuliwa na nani na siku gani, sitaingia humo. Nyingine zilifichwa. Jirani yangu mmoja alifungua yake vipande vipande akavitawanya katika nyumba nne za ukoo, ili atakayekuta kipande asiweze kuondoka nacho akiendesha. Halafu akavuka ziwa na watu wake, wakaishi Nyarugusu miaka mingi. Watu walipoanza kurudishwa kutoka Kigoma kwa meli hadi Baraka mwaka 2005, naye akarudi baadaye kidogo, akazipitia zile nyumba nne. Fremu aliikuta. Tangi alilikuta, limejaa mahindi ya mbegu. Injini aliikuta imefungwa kwenye gunia, kavu kabisa. Gurudumu la nyuma alilikuta likiendesha mkokoteni wa maji wa mtoto wa shemeji yake, akashindwa kulidai.

Yangu ina historia ndogo kuliko hiyo. Niliinunua dola 60 nyuma ya ofisi iliyofungwa, ikiwa fremu yenye injini iliyogoma. Ukikanyaga kiki, mguu unarudi juu kama umekanyaga jiwe. Nilimpelekea mzee mmoja aliyekuwa fundi kwenye garaji ya misheni tangu ujana wake. Aliifungua, akatoa pistoni iliyochubuka upande mmoja wote, akanionyesha kama daktari anavyoonyesha picha ya mfupa.

"Mwanangu," akasema, "hii haikufa kwa uzee. Iliuawa."

Akanieleza. Injini ya mipigo miwili haina mafuta yanayokaa chini kama zile za leo. Mafuta yake huingia pamoja na esansi, yanapaka pistoni na beringi, kiisha yanaungua na kutoka kwenye ekzosi, ndiyo ule moshi wa buluu. AG ina tangi dogo la pembeni na pampu inayopima mafuta yenyewe kulingana na unavyokaza mkono. Lakini mafuta ya aina hiyo yalipokosekana sokoni, watu walimimina yale ya injini za kawaida, mazito, pampu ikashindwa kuyavuta. Wengine hawakuiamini pampu, wakaifunga, wakachanganya wenyewe kwenye tangi kwa macho. Kwa macho! Siku esansi ni nyingi na mafuta ni kidogo, pistoni inapata joto, inavimba, inakamata silinda, na mwenye pikipiki anasema mashine ya Wajapani imezeeka.

Kipimo alichonifundisha ni kimoja kwa 25. Lita 5 za esansi, mililita 200 za mafuta. Nimekiandika kwa msumari kwenye mlango wa stoo yangu. Nina hakika kuna pikipiki nyingi za mashirika zilizotupwa katika teritwari hii kwa sababu hakuna aliyeandika namba hizo mlangoni.

Matengenezo yalichukua miezi 14. Segma zilitoka Kigoma kwa boti, za kwanza zikawa si saizi. Raba za kuziba ekseli ya injini, zile spi, zilitoka Bujumbura kupitia Uvira. Zikipasuka injini inavuta hewa pasipofaa na inawaka vibaya hadi unakata tamaa. Ekzosi ilikuwa imejaa masizi kiasi kwamba kijiti hakipiti. Tuliichoma kwenye makaa ya jiko hadi ikawa nyekundu, kiisha tukaigongagonga. Jikleri ya kabureta, lile tundu dogo la kupitisha esansi, tuliizibua kwa unywele wa brashi, maana ukitumia waya unalipanua tundu na hesabu yote inaharibika. Platine zilisuguliwa kwa karatasi ya msasa ya mwisho kabisa. Siku ilipowaka, mzee yule hakucheka. Alisikiliza tu, kichwa chini, kiisha akasema tupunguze hewa robo mzunguko.

Mimi ninafanya kazi ya kuandika kwenye kompyuta. Kabla ya miezi ile 14 sikujua ndani ya injini kuna nini, ingawa nimepanda pikipiki maisha yangu yote. Leo ninaweza kusikia kwa sikio kwamba esansi ni chafu. Sijapata hata dola moja kutokana na ujuzi huo, na ninausifu hivyo hivyo.

Rafiki yangu anadhani starehe ni ya watu waliokwisha kushiba. Nairobi kuna mashindano ya magari na pikipiki za zamani, yalianza mwaka 1970, na hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji hupita wakitazama kila boliti. Nikimwonyesha picha zake anasema, umeona, ni mambo ya matajiri. Basi namrudisha karibu na nyumbani, kupitia njia ndefu kidogo.

Mwaka 1965 Wakuba zaidi ya 100 walivuka ziwa wakaingia katika milima yetu kuungana na waasi wa wakati ule. Wazee wa Fizi na Baraka hawahitaji nami niwaeleze habari hiyo. Kiongozi wao, Che Guevara, miaka 13 kabla alikuwa ameondoka Argentina na rafiki yake Alberto Granado juu ya Norton 500 ya mwaka 1939, pikipiki ya Granado, iliyokuwa ya zamani hata siku hiyo. Iliwaangusha mara nyingi, ikawafia Chile, wakaendelea kwa miguu na kwa lifti za malori. Mtu yule aliyesukuma Norton mbovu katika nchi ya wengine ndiye aliyekuja kupanda milima ya Fizi kwa miguu miezi saba, akaondoka ameshindwa.

Lakini si yeye ninayemtaka hapa, ni ndugu zake waliobaki Cuba. Huko kulikuwa na Harley-Davidson nyingi za kabla ya mapinduzi ya 1959, zikiwemo za polisi. Marekani ilipofunga biashara, piesi hazikuja tena. Wakuba hawakuziuza kwa kilo. Waliingiza pistoni za magari mengine, wakachonga wenyewe kilichokosekana, baba akamfundisha mtoto. Leo wenyewe wanajiita Harlistas, wanakutana, wanaendesha pamoja, na watu wanatoka nchi za mbali kuwaona. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu waliokosa piesi, kama sisi.

Sasa niwaseme vijana wetu wamotari, kwa upendo. Wengi wanaendesha pikipiki ambayo si yao. Wanaikimbiza kutwa ili versement itimie, mnyororo mkavu, mafuta ya injini meusi kama kahawa, kichujio cha hewa kimetolewa "ili ivute vizuri." Miaka miwili, mashine imekwisha. Tajiri analia, kijana anarudi kijijini au anaingia mahali ambapo hatutaki aingie. Hatuwezi kumlaumu, hakuna aliyemfungulia injini akamwonyesha. Hajawahi kuwa na pikipiki ambayo anaweza kuifungua bila kuogopa kukosa chakula cha jioni.

AG yangu ndiyo iliyokuja kuwa pikipiki hiyo. Ilipokuwa imetandazwa chini ya mwembe, vijana wawili walisimama kutazama, Jumamosi iliyofuata wakawa watano. Mzee aliwakataza kugusa kitu mpaka wakitaje jina. Baadaye mmoja alileta ya tajiri wake, moja ya zile za Kichina, nao wakagundua jambo lililowashangaza. Injini ile inatokana na Honda CG 125 ambayo Wajapani waliitoa mwaka 1976, wakiifikiria kwa nchi ambazo watu wanabeba mizigo mikubwa na hawabadilishi mafuta kwa wakati. Badala ya mnyororo wa ndani wa kuendesha vali waliweka vijiti vya kusukuma, kwa sababu vijiti vinavumilia zaidi. Wachina waliinakili, wakainakili tena. Kwa hiyo yule kijana anayecheka pikipiki yangu kuwa ya babu naye anaendesha mashine yenye umri wa babu, ila imepakwa rangi mpya na stika za moto. Mzee alipowaonyesha nafasi ya vali, na jinsi ya kuipima, niliona nyuso zao. Mmoja wao sasa anajipimia mwenyewe kila mwezi. Pikipiki ya tajiri wake inaingia mwaka wa nne.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu ni kizuri. Moshi wa mipigo miwili ni mbaya, mke wangu anayekoga akinikuta nimewasha karibu na nguo zake ana haki yote. Simshauri mtu afanye kazi ya usafiri na AG. Ni ya Jumapili. Gharama zipo, ingawa nikihesabu kwa mwezi hazifikii za rafiki yangu yule kwenye bia, na hilo nimemwambia pia. Hati ni tatizo kubwa zaidi. Pikipiki hizi zilipoteza carte rose zake katika kukimbia, na asiye na karatasi ni ng'ombe wa kukamuliwa kila anaposimamishwa. Mji wa Baraka na teritwari wangeweza kuandikisha pikipiki za zamani zisizofanya biashara kwa namba ya fremu na ushahidi wa majirani wawili, kwa bei ndogo inayojulikana, na karatasi moja ikatosha kutoka Mboko hadi Lulimba.

Kuhusu vita, ni kweli. Kuna majuma ambayo barabara haipitiki na moyo hauna nafasi ya kabureta. Juma kama hilo sigusi kitu. Lakini nimeona tangu utotoni kwamba tukisubiri vita viishe ndipo tupende kitu, tutazikwa hatujapenda. Rafiki yangu mwenyewe anafuga njiwa. Sijawahi kumwuliza njiwa wanasaidia nini wakimbizi.

Na muda hauko upande wetu, kwa sababu wanunuzi wa vyuma wamefika. Wanapita na mizani, wanalipa kwa kilo, wanapakia. Sahani ya bati, fremu ya kitanda, tangi la Yamaha, kwao vyote ni mitraille. Kasha za injini, ambazo ni za aluminiamu, hazisafiri hata mbali: zinayeyushwa na kumiminwa ziwe masufuria. Huenda sufuria unayopikia ndagala leo ilipanda milima ya Itombwe ikibeba chanjo. Ni sufuria nzuri, sikatai. Ila injini nzima yenye silinda isiyopasuka ina thamani zaidi ya sufuria mbili, na anayeiuza hajui anachouza.

Ninachoomba ni kidogo. Parokia, zone za afya, mashirika na miradi iliyokwisha wana pikipiki nyuma ya majengo yao, nyasi zimeota kati ya spoki. Huitwa "déclassées," yaani zimefutwa kwenye daftari, na tangu hapo si za mtu. Kabla ya kumwita mwenye mizani, mbili au tatu zipelekwe kwenye shule zetu za ufundi, mahali ambapo kijana anachora injini ubaoni miaka minne na kupata diploma bila kushika segma kwa mkono. Moja ifunguliwe na kufungwa tena kila mwaka, hadi kila mwanafunzi awe ameiwasha. Nyingine ziuzwe kwa bei ya chuma kwa kijana yeyote atakayekubali kuitengeneza na si kuivunja. Nami niko tayari kulipia mafuta ya mwaka wa kwanza.

Na haraka kuliko hayo yote, mafundi wa zamani. Hapa Baraka ninawajua watatu walio hai wanaoweza kupanga pampu ya mafuta ya AG bila kitabu. Wangu macho yameanza kukataa. Siku hizi anaweka platine kwa kugusa ncha ya kidole, kiisha ananiomba nithibitishe. Kila Jumamosi kuanzia saa tatu yuko chini ya mwembe, halipwi, anapewa chai na andazi. Kijana anayetaka aje, asilete kitu ila kitambaa cha kufutia mikono.

Kuna AG tatu nimeziona kwa macho yangu kupitia tundu la lango, si mbali na ziwa. Mbili zina injini nzima. Nimeandika barua mara mbili sijajibiwa, na wiki iliyopita nilimwona mtu wa mizani amesimama kwenye lango lile lile. Mwenye ufunguo anajijua.